Kodi ya zuio kwenye gawio: nani hasa anailipa?

Kampuni ikitangaza gawio (sehemu ya faida inayowagawia wenye hisa) la 50 kwa kila hisa, mwenye hisa 2,000 hupiga hesabu ya haraka: 100,000. Siku ya malipo akaunti inasoma 90,000. Hajaibiwa. Zile 10,000 ni kodi ya zuio, tukichukulia kiwango cha asilimia 10, na kampuni imezikata kabla fedha haijamfikia.

Anayetoa gawio huzuia sehemu ya fedha na kuipeleka mamlaka ya kodi. Yeye ni mkusanyaji tu. Kodi yenyewe ni ya mwanahisa. Isichanganywe na kodi ya mapato ya kampuni, ambayo hutozwa kwenye faida kabla gawio halijagawanywa. Ndiyo maana wanahisa hulalamika kwamba faida ileile inatozwa mara mbili, na sioni kama wanakosea.

Makato hupigwa kwenye gawio ghafi. Ada ya dalali au hasara uliyoipata bei iliposhuka sokoni hazihesabiwi hapo.

Sasa swali lenye uzito: ukishakatwa, umemalizana na kodi? Inategemea sheria ya nchi. Kwingine zuio ni kodi ya mwisho, na gawio hilo haliongezwi tena kwenye mapato yako ya mwaka. Kwingine ni malipo ya awali tu: unaandika gawio zima kwenye ritani, yaani taarifa ya mapato unayoipeleka mamlaka ya kodi, kisha kilichozuiwa kinapunguzwa kwenye kodi unayodaiwa. Uswisi huzuia asilimia 35, halafu mkazi aliyetaja gawio lake kwa ukweli hurudishiwa. Zuio pale ni kama rehani ya kumfanya mtu asifiche. Uingereza, kwa gawio la kawaida, haizuii chochote.

Mwenye hisa za nje ana kazi zaidi. Marekani humkata mgeni asilimia 30, isipokuwa nchi yake ina mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili, ambao mara nyingi hushusha kiwango hadi 15. Punguzo hilo haliji lenyewe: dalali awe na fomu yako inayoonyesha wewe ni mkazi wa nchi gani kabla ya siku ya malipo. Ukichelewa, utakatwa kiwango kamili na kuanza kudai marejesho.

Na kila ukikatwa, dai cheti cha zuio. Ukitaka kiasi hicho kipunguzwe kwenye kodi yako ya mwaka, ndicho utakachoulizwa.