Volti 12 za gari si volti 12

Kwenye droo ya meza yangu ya kazi kuna saketi iliyokufa ambayo nimekataa kuitupa. Ni kipimajoto kidogo nilichotengeneza enzi nikianza kazi hii: kihisio, mikrokontrola (chipu ndogo inayoendesha kifaa), skrini ndogo, na regulata moja ya 7805 ya kushusha umeme hadi volti 5. Mezani kilifanya kazi wiki mbili bila kukohoa, kikilishwa na adapta ya volti 12. Nikakifunga kwenye gari, kikaishi siku tatu. Ukikitazama kwa lenzi utaona kitundu usoni pa regulata, kidogo kama ncha ya sindano, na masizi yamekizunguka.

Regulata haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyedandia waya uleule unaolisha klachi ya kompresa ya kiyoyozi. Klachi ile ina koili ya sumaku, na koili ukiikatia umeme ghafla haikubali kimyakimya: inatema volti za kinyume, chini kabisa ya sifuri, kwa muda mfupi sana. Kwa kawaida huwekwa diodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ya kuumeza mpigo huo. Kwenye gari lile diodi ilikuwa imeshakufa nami sina habari. Kila kiyoyozi kilipojizima, saketi yangu ilikula kofi.

Tangu hapo naichukulia hiyo 12 kuwa jina la utani tu. Betri ya gari ina seli 6, kila moja volti 2.1 hivi, kwa hiyo ikiwa imejaa na imetulia inasoma 12.6. Washa injini, alternata inaipandisha hadi kati ya 13.8 na 14.7. Na katikati ya hali hizo mbili kuna ile sekunde ya kuwasha, ambayo multimita inakudanganya. Weka ncha zake kwenye betri, mwambie mtu azungushe ufunguo: utaona namba ikishuka hadi 10 au 9 kisha inarudi juu, basi. Weka osiloskopu, chombo kinachochora volti kwa mstari kadiri muda unavyokwenda, mahali hapohapo na utaona kisa kingine. Stata, ile mota ya kuwashia, inapoanza kuizungusha injini, mstari unadondoka kama jiwe hadi karibu volti 6, unakaa huko makumi machache ya milisekunde, halafu unapanda ukitetemeka juu-chini kufuata kila pistoni inavyobanwa. Multimita ni nzito mno kuliona hilo. Mikrokontrola yako haikosi kuliona, na ndiyo maana vifaa vingi vya kujitengenezea hujizima na kuanza upya kila gari linapowashwa.

Hiyo ni siku njema. Siku mbaya ni pale betri inapoisha na mtu akaazima umeme kwenye lori lenye volti 24. Au fundi aliyechoka akarudisha betri, chanya kwenye hasi. Au terminali ya betri ikalegea na kuchomoka wakati injini inazunguka na alternata inachaji kwa nguvu. Hili la mwisho ndilo baya kuliko yote. Sumaku ya ndani ya alternata haiwezi kufifia papo hapo, mkondo uliokuwa ukiingia kwenye betri haupati pa kwenda, na volti zinapanda. Kiwango cha ISO 16750-2, ambacho watengenezaji wa vifaa vya magari hupimia kazi zao, kinataja volti 79 hadi 101 kwa alternata isiyo na kinga, na hali hiyo inaweza kudumu hadi milisekunde 400. Alternata yenye kinga ndani yake inauzuia mpigo huo usizidi takriban volti 35. Kwa macho yetu milisekunde 400 ni kufumba na kufumbua. Kwa regulata ni nafasi tosha ya kufa mara kadhaa.

Nianze na fyuzi, maana hapo sina mzaha. Watu hudhani fyuzi inalinda saketi. Saketi huwa imeshaungua kabla fyuzi haijajua kuna nini. Fyuzi inalinda waya, na kwa hiyo inalinda gari lenyewe lisiwake moto. Chukua waya mwembamba wa milimita 0.5 za mraba, urefu mita 2, uunganishe kwenye chanya, kisha ncha ya pili iguse bodi la gari, ambalo ndilo hasi. Upinzani wa waya huo ni kama omu 0.07. Piga hesabu: zaidi ya ampea 100, na zaidi ya wati 1000 za joto ndani ya uzi wa shaba uliofunikwa plastiki. Hiyo ni pasi umeificha nyuma ya dashibodi. Fyuzi ya ampea 1 au 2 inatosha vifaa vingi vidogo, na mahali pake ni karibu kabisa na pale unapochukulia umeme. Ukiiweka mwishoni, jirani na saketi yako, zile mita 2 zote zimebaki uchi.

Ya kuzuia betri kugeuzwa ni rahisi: diodi moja kwenye njia ya chanya. Hapa nina ugomvi na ushauri unaosambaa kila mahali, kwamba utumie diodi za Schottky kwa sababu zinapoteza volti chache. Ni kweli zinapoteza chache. Lakini nyingi kati ya hizi zinazopatikana kirahisi, kama SS34, zinavumilia volti 40 tu za kinyume. Mpigo wa koili kama ule ulioniulia kipimajoto unaweza kufika volti 150 chini ya sifuri kwa mujibu wa majaribio ya ISO 7637-2, kiwango kingine cha vifaa vya magari, na upande wa pili wa diodi kuna kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji, imeshika volti 14 zake. Jumlisha uone. Ile 1N4007 ya kizee, ya bei ya chini kuliko zote, inavumilia volti 1000 na inapitisha ampea 1. Inakula karibu volti 1, sawa, ila kwenye volti 14 nani atailalamikia? Ukihitaji mkondo mkubwa zaidi, hapo ndipo transista ya MOSFET ya aina ya P inapostahili kazi hii, mradi geti lake, yaani mguu unaoiongoza, uliwekee diodi ya zena lisipokee volti zaidi ya linazoweza kubeba.

Sasa mishtuko ya juu. Kifaa chake ni diodi ya TVS, unaiweka kati ya chanya na hasi. Inalala wakati umeme ni wa kawaida, na volti zikipita kipimo chake inafunguka na kuuelekeza mshtuko kwenye hasi. Miaka mingi nilikuwa natumia SMBJ24A. Hesabu ilionekana safi: gari halivuki 15, hata mtu akiunganisha lori TVS itanyamaza, na ikifanya kazi haiachi zaidi ya volti 38.9 zipite. Kisha nikaanza kurudishiwa vifaa ambavyo fyuzi imekatika na TVS imepiga shoti.

Ilinichukua muda kuelewa. SMBJ24A inaanza kufunguka karibu na volti 27 au 29. Alternata yenye kinga inajizuia kwenye 35. Maana yake terminali ikichomoka, diodi yangu yenye ukubwa wa punje ya mchele inajaribu peke yake kuibana alternata ya gari zima. Wati 600 zilizoandikwa kwenye vipimo vyake ni za mpigo wa takriban milisekunde 1. Hapa inaombwa ishike mamia ya milisekunde.

Basi nikabadili mkakati: mshtuko mrefu siushindani nao, nauacha upite. Naweka TVS ya juu zaidi, SMBJ33A, ambayo haifunguki mpaka volti zipite 36 hivi. Zile 35 za alternata zinapita bila kuiamsha, na mipigo mifupi mikali ndiyo inayobanwa, isizidi volti 53.3. Baada yake inafuata regulata inayoweza kupokea volti 60 bila kulalamika. Kwa gari la zamani ambalo alternata yake haina kinga, punje ya mchele haitoshi. Tafuta TVS za familia ya SM8S, zenye umbo kubwa na wati 6600. Na kama saketi yako inakula milimpea 10 tu, weka mbele ya TVS rezista ya omu 100 iliyosokotwa kwa waya. Katika hali ya kawaida inapoteza volti 1, na siku ya balaa haipitishi hata ampea 1. Kitu cha kipuuzi namna hiyo kimeniokoa kuliko chipu nyingi za kisasa.

Kuhusu regulata, 7805 ina matatizo mawili kwenye gari. Kwanza joto. Saketi ikila nusu ampea huku gari likitoa 14.4, regulata inachoma volti 9.4 mara 0.5, yaani wati 4.7. Bila bati la kupozea haifiki popote, na nyuma ya dashibodi iliyopigwa jua hakuna upepo. Pili, inahitaji karibu volti 7 ili itoe 5, kwa hiyo stata ikishusha umeme hadi 6 imeshashindwa. Kwa mikondo midogo napenda LM2940: ilitengenezwa kwa kufikiria magari, inavumilia betri kugeuzwa na mpigo wa hadi volti 60, na inatosheka na tofauti ya nusu volti tu. Kwa mikondo mikubwa tumia regulata za kukatakata umeme, lakini soma vizuri. Zile moduli za LM2596 zilizoenea kila mahali mwisho wake ni volti 40. Toleo linaloishia na HV ndilo linalofika 60. Angalia pia maandishi kwenye kapasita ya mlango wa kuingilia. Nyingine zimeandikwa 35V, na hapo chipu ya volti 60 haikusaidii kitu.

Anguko la stata linatibiwa na kapasita baada ya ile diodi. Diodi inazuia chaji isirudi kwenye gari, na kapasita inalisha saketi peke yake kwa muda. Saketi ya milimpea 10, ikiruhusiwa kushuka kutoka 12 hadi 7, inahitaji maikrofaradi 200 kukaa hai milisekunde 100. Mimi huweka 470, ya volti 63 na ya nyuzi 105, kwa sababu zile za nyuzi 85 hazizeeki vizuri kwenye joto la gari.

Wapi pa kuchukua umeme? Kama kifaa hakina kazi gari likiwa limezimwa, chukua kwenye fyuzi inayokufa ufunguo ukitolewa. Kifaa cha milimpea 50 kinachowaka muda wote kinakula ampea-saa (Ah) 1.2 kwa siku. Liache gari wiki tatu na nusu ya betri ya Ah 50 imekwenda. Usiguse fyuzi ya mifuko ya hewa, ya breki wala ya kompyuta ya injini. Na kwenye magari ya umeme na haibridi, nyaya za rangi ya chungwa ziache kama zilivyo. Hizo ni mamia ya volti.

Hasi ipeleke kwenye bolti safi ya bodi, rangi ikwanguliwe mpaka chuma king'ae. Waya ukipita kwenye tundu la bati, uvalishe mpira.

Kama unachohitaji ni volti 5 tu, nunua chaja nzuri ya USB ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti, uende zako. Sioni aibu kusema hivyo. Vifaa vyangu vya majaribio hulishwa namna hiyo.

Kilichotengenezwa kwa mkono hakiingii garini kabla ya kuteswa mezani. Nakilisha volti 6, kisha 9, 14.4, halafu 24 kwa dakika nzima huku nikigusa regulata kwa kidole. Nageuza nyaya, nahesabu dakika nyingine. Mwisho nafunga koili ya rilei (swichi ya sumaku) kubwa isiyo na diodi kwenye waya uleule na kuikatakata mara mia, tak tak tak, macho kwenye skrini. Ikipepesa hata mara moja, inarudi kwenye chuma cha kulehemu. Isipopepesa, ndipo nachukua bisibisi na kufungua dashibodi.