Ufa wa Manyara "umelala"? Tuyaangalie yanayosemwa Arusha

"Ule ukuta wa Bonde la Ufa pale Mto wa Mbu upo tangu enzi za mababu, na hakuna aliyesimulia kuuona ukipasuka. Ufa umelala." Hoja hii haiishi vijiweni Arusha, na ndiyo inayonikera zaidi, maana inageuza ufupi wa kumbukumbu zetu kuwa dalili ya usalama. Vipima tetemeko vyenyewe vina miaka mia na ushee tu. Kingo za Bonde la Ufa zinaachana kwa milimita chache kwa mwaka, hivyo ufa unaweza kukaa maelfu ya miaka kabla ya kurudia tetemeko kubwa. Babu angeliona wapi?

Wanajiolojia humuuliza udongo. Huchimba mtaro unaokatiza ufa, mahali ambapo maji yamekuwa yakilaza mchanga na tope mwaka baada ya mwaka, kisha husafisha kuta zake kwa mwiko na brashi. Tabaka lililokatika lilikuwepo kabla ya tetemeko. Lile lililopita juu ya ufa likiwa zima lilikuja baadaye. Vipande vya mkaa vilivyonaswa humo hupimwa kaboni-14, aina ya kaboni inayopungua taratibu mti ukishakufa; nusu yake huisha kila miaka 5,730. Ukivuka miaka 50,000 hivi, hakuna kilichobaki cha kupima. Tena mkaa unasema mti ulikufa lini, hausemi ardhi ilitikisika lini. Ndiyo maana jibu huwa "kati ya karne hii na ile", na anayekupa tarehe kamili mtilie shaka.

Wengine hudhani mtaro unaonyesha kila tetemeko. Hapana: mengi huishia chini kabisa bila kuukata udongo wa juu, kwa hiyo yanayosomeka humo ni yale makubwa.

"Basi wakishapata wastani wa miaka kati ya tetemeko na tetemeko, watuambie mwaka." Huko Pallett Creek, California, mwanajiolojia Kerry Sieh na wenzake walisoma matetemeko kumi ya ufa wa San Andreas. Wastani ulitoka kama miaka 132. Lakini kati ya lile la 1812 na la 1857 ilipita kama miaka 44 tu, na kuna mapengo mengine yaliyozidi miaka 200. Wastani wa namna hiyo humfaa mhandisi anayepanga nguzo na nondo za jengo litakalosimama miaka mingi. Anayetaka kujua kama alale nje leo usiku haumsaidii.

Julai 2007, Arusha ilipotikisika siku kadhaa, mlima wa volkeno wa Ol Doinyo Lengai ndio uliobebeshwa lawama. Kumbe magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikuwa ikijipenyeza ardhini upande wa mlima Gelai, karibu na Ziwa Natron, na kuutelezesha ufa wa huko. Tetemeko kubwa kuliko yote lilifikia ukubwa wa 5.9. Mlipuko mkubwa wa Lengai ulifuata Septemba.

Na vile vitetemeko vidogo eti "vinapunguza presha"? Kila namba moja ya ukubwa ikipanda, nishati huongezeka mara 32 hivi. Kulifidia tetemeko moja la 7 kunahitaji kama elfu moja ya 5.