Kwa nini kuhama mfumo wa malipo wa duka la programu kunaweza kuongeza gharama?

Je, wajua kwamba msanidi wa programu aliyepewa na mahakama haki ya kukwepa mfumo wa malipo wa Apple angeweza kulipa zaidi ya yule aliyebaki ndani?

Chukua mauzo ya dola 10. Kwa kamisheni ya 30%, duka hukata dola 3. (Wenye mapato madogo, hadi dola milioni 1 kwa mwaka, wanaweza kuomba 15%.) Mwaka 2024, baada ya kesi ya Epic Games, kampuni ya michezo ya video, kuilazimisha Apple iruhusu viungo vya kulipia kwenye tovuti nchini Marekani, Apple ilidai 27% ya manunuzi yaliyofanywa ndani ya siku 7 tangu kiungo kibofywe. Hiyo ni dola 2.70. Mchakataji wa kadi (kampuni inayopokea malipo ya kadi kwa niaba ya muuzaji) anayetoza 2.9% na senti 30 huchukua senti 59. Jumla: dola 3.29. Na bado kodi, marejesho ya pesa na migogoro ya kadi vinamwangukia msanidi mwenyewe.

Kisa ni kwamba kamisheni hiyo hulipia mambo mawili: kupokea pesa, na ruhusa ya kuwamo dukani. Sheria ikigusa la kwanza tu, duka hupunguza pointi chache za asilimia na kushikilia la pili. Korea Kusini ilipokataza mwaka 2021 kulazimisha mfumo mmoja wa malipo, Google ilishusha pointi 4 tu.

Umoja wa Ulaya uligusa usambazaji wenyewe. Tangu 7 Machi 2024, Apple inalazimika kuruhusu maduka mengine kwenye iPhone. Ikajibu kwa masharti mapya yenye tozo yake: wasanidi walioyachagua walidaiwa euro 0.50 kwa kila usakinishaji wa kwanza wa mwaka, baada ya milioni 1. Programu ya bure yenye watu milioni 2 na matangazo machache ilikabiliwa na bili ya euro 500,000 kwa mwaka. Si ajabu wengi hawakuhama.

Marekani, Aprili 2025, Jaji Yvonne Gonzalez Rogers, aliyetoa amri katika kesi ya Epic, aliona ile 27% ni ukaidi wa amri yake, akapiga marufuku tozo yoyote kwenye manunuzi ya nje. Desemba, mahakama ya rufaa ilikubali kuwa ukaidi ulikuwapo, lakini ikasema kuifuta tozo kabisa kumevuka mpaka. Kiwango halali ni kipi, hilo likarudishwa mahakama ya chini.