Dhana Potofu Kuhusu Magitaa na Mitambo ya Albamu za Kwanza za Punk

Dhana: Sauti chafu ya punk, roki kali ya miaka ya 1970, ilitokana na studio mbovu na mitambo ya bei rahisi.

Ukweli: Ipo albamu inayoikaribia dhana hii, nayo ni ya kwanza ya kundi la The Damned, iliyotoka Februari 1977 baada ya kurekodiwa Pathway, studio ndogo ya London iliyokuwa na mtambo wa kurekodi wa njia nane tu, yaani wa kurekodi sauti nane tofauti pekee. Hata hivyo, Sex Pistols, kundi la punk la London, walipotengeneza "Never Mind the Bollocks" mwaka huohuo, waliingia Wessex, studio yenye hadhi jijini humo, wakiwa na fundi mitambo Bill Price na mtayarishaji Chris Thomas. Huyu Thomas ndiye aliyeshiriki kuchanganya sauti za albamu ya kundi la roki la Pink Floyd ya mwaka 1973, "The Dark Side of the Moon", ingawa kwa mashabiki wengi wa punk Pink Floyd walikuwa mfano wa kila walichokichukia katika roki. Ukali unaosikika katika albamu ile ya Sex Pistols ulijengwa na watu waliojua vyema namna ya kurekodi sauti safi.

Dhana: Katika "Never Mind the Bollocks" lilipigwa gitaa moja, mara moja, basi.

Ukweli: Steve Jones, mpiga gitaa wa Sex Pistols, alirudia sehemu zake za gitaa na kuzipanga tabaka juu ya tabaka. Kwa kuwa mkono wa binadamu haurudii pigo kwa usawa kamili, tofauti ndogondogo za wakati na mlio huyafanya magitaa hayo yasikike kama kitu kimoja kipana na kizito, jambo ambalo gitaa moja haliwezi kulifanya hata sauti ikipandishwa namna gani. Msikilizaji aliyelelewa na muziki wa dansi, ambamo solo na rithimu husemezana, atayasubiri mazungumzo hayo bila kuyapata, maana hapa magitaa yote yanasema neno moja. Wala ala zenyewe hazikuwa duni: Jones alitumia Gibson Les Paul Custom nyeupe, iliyowahi kuwa ya Sylvain Sylvain wa kundi la New York Dolls, pamoja na amplifaya ya Fender Twin Reverb.

Dhana: Besi ya albamu hiyo ya Sex Pistols ni ya Sid Vicious, mpiga besi wao.

Ukweli: Vicious aliugua homa ya ini mwaka 1977, na uwezo wake wa kupiga besi ulikuwa mdogo. Sehemu kubwa ya besi ilipigwa na Jones mwenyewe, isipokuwa katika "Anarchy in the U.K.", ambamo anasikika Glen Matlock, mpiga besi aliyemtangulia Vicious. Kwa maoni yangu, hii ndiyo sababu moja ya besi na gitaa kushikamana mno: ni mkono uleule.

Dhana: Gitaa la bei rahisi hutoa sauti ya bei rahisi.

Ukweli: Johnny Ramone, mpiga gitaa wa kundi la punk la Ramones, alinunua gitaa lake la Mosrite mwaka 1974 kwa dola zipatazo 50, na albamu ya kwanza ya Ramones, iliyorekodiwa mwaka 1976 kwa takriban dola 6,400 katika studio ya Plaza Sound, ndani ya jengo la Radio City Music Hall mjini New York, bado inatingisha. Gitaa hilo lilipita katika amplifaya za Marshall, ambazo valvu zake (taa za kioo za kukuza sauti), zikisukumwa kupita kiasi, hukata vilele vya mawimbi ya sauti na kuzaa ule mkwaruzo mnene. Zaidi ya hayo, Johnny alizicharaza nyuzi kwa kushusha mkono tu, bila kuupigia unapopanda, kwa kasi ambayo wapigaji wengi huishindwa kabla wimbo haujaisha. Anayetaka kumchunguza asihangaike: katika albamu hiyo besi imewekwa upande wa kushoto na gitaa upande wa kulia, kwa hiyo akizima spika ya kushoto atabaki na gitaa bila besi kulifunika.