Mahakama ya Dayton, Tennessee: Yanayosimuliwa na Yaliyotokea

Wageni wengi huingia Mahakama ya Kaunti ya Rhea, jengo la matofali mekundu lililojengwa mwaka 1891 katika mji mdogo wa Dayton, Marekani, wakiamini kwamba hapa ndipo washupavu wa dini walipomwandama mwalimu wao. Julai 1925 John Scopes alishtakiwa humo kwa kufundisha nadharia ya mageuko, yaani kwamba binadamu alitokana na viumbe vya awali, kinyume na sheria mpya ya jimbo la Tennessee.

Ukweli ni kwamba kesi ilipangwa. Chama cha kutetea haki za raia, ACLU, kilitangaza kwamba kitamsaidia mwalimu atakayekubali kushtakiwa ili sheria hiyo ipimwe mahakamani. Wakubwa wa Dayton, wakiwa katika duka la dawa la Robinson, waliona kesi kama hiyo ingeupa mji jina na biashara. Wakamwita Scopes, akakubali. Alikuwa amemshikia zamu mwalimu wa baiolojia, na hata hakuwa na hakika kama somo lile alilifundisha! Jambo hili ndilo ningependa kila mgeni alijue kabla hajaulaumu mji.

Wapo wanaosema alifungwa. Hapana. Adhabu ya sheria ile ilikuwa faini tu, naye alitozwa dola 100. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya jimbo ilitengua hukumu kwa sababu faini ilipangwa na jaji, ilhali inayozidi dola 50 ilipaswa kupangwa na juri, yaani raia walioteuliwa kuamua kesi. Sheria yenyewe ilidumu hadi 1967.

Wengine husema Clarence Darrow, wakili wa Scopes, aliishinda kesi kwa kumbana William Jennings Bryan, mwanasiasa aliyekuwa upande wa mashtaka, kwa maswali kuhusu Biblia. Mahojiano hayo yalifanyika nje, kwenye nyasi, kwa sababu ya joto na hofu kwamba sakafu isingebeba umati. Juri haikuyasikia, na kesho yake jaji aliyafuta kwenye kumbukumbu. Darrow mwenyewe aliiomba juri imtie Scopes hatiani ili apate kukata rufaa. Iliafiki kwa dakika 9. Wala Bryan hakufia mahakamani: alifariki usingizini siku 5 baadaye, mjini humo humo.

Ukienda, panda kwanza ghorofani: meza ya jaji na viti vya watazamaji ni vile vile vya 1925. Makumbusho yako chini kabisa. Nje kuna sanamu mbili, ya Bryan iliyowekwa 2005 na ya Darrow iliyochelewa hadi 2017.