Paka Aliyetulia Baada ya Upasuaji Huenda Anaumia

“Amelala tu, dokta, wala hasumbui.” Ndivyo wanavyonijibu wenye paka wengi nikiwapigia simu siku ya pili baada ya paka wao kutolewa kizazi, na sauti zao huwa za watu waliofarijika. Mimi hapo ndipo ninapoanza kuuliza. Amelalaje? Amejinyoosha ubavu, au amejikunyata juu ya miguu yote minne? Macho ameyafumbua au ameyafinya? Toka jana amewahi kuja mwenyewe mpaka ulipo?

Mbwa akiumia hulia, huchechemea, hukufuata. Paka hujificha. Ni mnyama anayewinda na ambaye naye huwindwa, kwa hiyo kuonyesha udhaifu kwake ni hatari. Tabia hiyo imemponza kwa miaka mingi, kwani hata sisi madaktari wa mifugo tumekuwa tukimpa dawa za maumivu mara chache kuliko mbwa, kwa upasuaji uleule. Na upasuaji wenyewe si mdogo. Tumbo linafunguliwa, ovari inavutwa mpaka kano inayoishikilia ilegee, mishipa inafungwa, kizazi kinakatwa na kutolewa. Ketamini na zailazini, dawa za usingizi tunazozitumia sana huku kwetu, humzuia asihisi kisu, lakini nguvu yake huisha mapema kuliko maumivu ya kidonda. Paka anayezinduka bila dawa nyingine ya maumivu anazindukia kwenye maumivu hayo, na atayavumilia kimya kimya.

Kwa hiyo lazima tumtazame kwa utaratibu, na mimi huanzia usoni. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, walichapisha kipimo kiitwacho Feline Grimace Scale, ambacho hupima maumivu kwa kuusoma uso wa paka. Unatazama mambo matano: masikio, macho, pua na mashavu, masharubu, na jinsi kichwa kilivyokaa. Kila kimoja unakipa alama 0, 1 au 2. Jumla kuu ni 10, na ikifika 4 ni wakati wa kufikiria kumwongezea dawa.

Nimchukue paka mmoja jike, wa madoadoa, aliyekuwa kizimbani saa tatu baada ya upasuaji. Ukipita haraka ungesema anasinzia. Nilivuta stuli nikakaa pembeni bila kumsemesha, nikamtazama kwa kama nusu dakika. Masikio hayakuwa yamelala bapa, ila ncha zake zilikuwa zimeachana na pengo la katikati limepanuka. Nikaandika 1. Macho yalikuwa yamefinywa, umebaki mwanya mwembamba tu, na hiyo ni 2. Pua na mashavu, ambavyo kwa paka aliyestarehe huwa vimejaa na kulegea, vilikuwa vimekazwa kidogo vikaelekea umbo la yai lililolazwa. Hapo 1. Masharubu, ambayo kwa kawaida huinama kwa ulegevu, yalikuwa yamenyooka na kusogeleana, 1 nyingine. Kichwa kilikuwa usawa wa mabega badala ya kuwa juu yake, 1 tena. Jumla 6. Paka huyo hakuwa anasinzia, alikuwa anaumia. Tulimwongezea dawa, na nilipomrudia baada ya muda nikamkuta amelala ubavu, miguu ya nyuma ameinyoosha kabisa, macho yamefumbuka na yananifuata. Paka mwenye tumbo linalouma hajinyooshi hivyo.

Kipimo hiki kinataka paka awe macho na ametulia. Usimpime akiwa usingizini, akila, akijilamba au akilia, maana matendo hayo yote huubadili uso. Watafiti walewale wametoa programu ya simu isiyolipiwa yenye picha za kila alama, na ninamsihi kila mwanafunzi anayekuja kwetu aipakue na kuifanyia mazoezi, kwa sababu tofauti kati ya 0 na 1 kwenye masharubu haionekani mpaka jicho lizoee.

Uso pekee haunitoshi. Kipimo cha Chuo Kikuu cha Glasgow, ambacho jumla yake ni 20 na dawa huongezwa kuanzia 5, kinahusisha mwili mzima: sauti anazotoa, alivyokaa, kama anashughulika na kidonda, anavyopokea mkono wa mtu. Brazil nao wana chao, cha UNESP-Botucatu. Chagua kimoja kinachowezekana pale ulipo, kitumie kila mara, na uandike namba pamoja na saa kwenye kadi ya mgonjwa, ili wa zamu ya usiku ajue alikotoka. Bila namba, kila mtu hubaki na hisia zake.

Kumgusa ni hatua ya mwisho. Kwanza namwita kwa sauti ya chini, kisha nampapasa kichwani na mgongoni, halafu ndipo vidole vinashuka taratibu kuuzunguka mshono, bila kuubinya wenyewe. Paka anayeumia atakaza tumbo, atageuza kichwa ghafla kuutazama mkono wangu, atajilamba pale pale, au atanguruma. Mwingine hukaza tumbo tu, basi, na asiyeweka mkono hatajua.

Kazi huwa ngumu zaidi pale hofu inapochanganyika na maumivu. Paka wa mtaani aliyeletwa ndani ya mtego atajibana kona ya mwisho ya kizimba, masikio bapa, mwili chini, hata kabla ya kuguswa na kisu. Ndiyo maana ninataka kila paka apimwe kabla ya upasuaji pia, ili tujue sura yake ya kawaida. Mara nyingi mwenye hofu huwa amekodoa macho, mboni zimetanuka, anafuatilia kila hatua yako. Nafunika kizimba kwa kitenge, naondoka, kisha nachungulia kwa mbali. Mapigo ya moyo na pumzi siyategemei peke yake, maana hofu huyapandisha vilevile.

Dawa nazo hupotosha. Ketamini humwacha paka macho wazi na misuli imekaza, kwa hiyo alama za mara tu baada ya kuzinduka nazichukulia kwa tahadhari na kurudia baadaye. Dawa za jamii ya mofini humtanua mboni, na zikimkubali hujibiringisha, hukanyagakanyaga blanketi, hukoroma kwa raha, ule mvumo laini wa kooni. Akoromaye hata hivyo si lazima awe na raha. Paka hukoroma hata akiwa na maumivu makali, kwa hiyo kukoroma hakumo kwenye hesabu zangu. Na nikiwa njia panda, sijui ni hofu, ni dawa au ni maumivu, nampa dawa ya maumivu halafu namtazama upya. Uso ukilegea, jibu limepatikana.

Sasa nije kwako wewe uliyempeleka nyumbani. Maumivu ya upasuaji huu huwa makali zaidi saa 24 za kwanza, kisha hupungua siku hadi siku. Tazama kama anakula, kama anajisafisha manyoya, kama anaruka kufika pale anapopenda kukaa, kama anakubali kubebwa. Anayejificha uvunguni, anayelamba mshono bila kuacha, anayenguruma ukimwinua, huyo anakuambia kitu. Maumivu yanayoongezeka siku ya tatu au ya nne badala ya kupungua yananitia wasiwasi kuliko yale ya siku ya kwanza, maana huenda kidonda kimeingia wadudu au mshono umeachia.

Tafadhali sana, usimpe Panadol. Hata kipande cha kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka. Ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama letu, na sumu inayobaki huharibu damu isibebe hewa. Fizi hugeuka rangi ya udongo, uso na miguu huvimba, anahema kwa shida. Diklofenaki na ibuprofeni ni hatari kwake vilevile. Zipo dawa zinazomfaa, meloksikamu ikiwa mojawapo, lakini kipimo chake hutegemea uzito na afya ya figo zake, kwa hiyo mpe kiasi tulichoandika na siku tulizoandika. Ikiwa ameshapewa Panadol, hata kwa nia njema, mlete sasa hivi. Ipo dawa ya kupambana na sumu yake, na kila saa ina maana.

Asipokula siku nzima, mlete pia, hasa akiwa mnene, maana paka akikaa na njaa mafuta huanza kujaa kwenye ini. Ukiwa na shaka tu, rekodi video ya nusu dakika kabla hujamwita wala kumgusa, uso na mwili vyote vionekane, kisha nyingine ukimpapasa mgongoni, unitumie kwa simu hata kama ni usiku. Nikiona macho yamefinywa na kichwa kimeshuka chini ya mabega, nitakuambia uje naye usiku huohuo.