Je, chuo kikuu ni nadharia tupu?

Kwenye daladala za Mbagala utasikia: anayetaka vitendo aende chuo cha ufundi, chuo kikuu ni nadharia tupu. Si hivyo kabisa, ingawa lisemwalo lipo. Udaktari husomwa miaka 5, kisha mwaka 1 wa kazi hospitalini chini ya usimamizi. Wanafunzi wa uhandisi huenda fildi (mafunzo ya vitendo kazini) wakati wa likizo ndefu, na fildi hiyo ina alama zake. Shida ni fildi yenyewe: mmoja anashika spana, mwenzake anatumwa kutoa fotokopi na kununua chai (hapo lawama ni haki).

Ukichagua kozi, soma mtaala uone wiki za fildi na saa za maabara. Kisha muombe mwanafunzi wa mwaka wa 3 akuonyeshe daftari lake la fildi: alifanya nini, siku kwa siku?